Binti Burhani

"Ule muzungu yako wa Koekelberg, munasemaga naye luga gani?"

Aliyeuliza hivyo alikuwa maman Régine, jirani wa ghorofa ya tatu, mzaliwa wa Bukavu. Lifti ilikuwa imekufa tena, wakakutana kwenye ngazi, kila mmoja na mifuko yake kutoka soko la Anderlecht, hapo Brussels. Lilikuwa swali la kupumzikia, la mtu anayetafuta sababu ya kutua mzigo. Nusura akajibu, "Kifaransa," akaendelea kupanda.

"Eh bon," maman Régine akacheka huku nyuma. "Basi Kifaransa yako sasa itakuwa ya ministre. Utatuandikiaga barua."

Nusura alifungua mlango wake, akakaa kitandani na koti mwilini. Ukuta wa dirishani ulikuwa umeota ukungu, ameufuta kwa sabuni Jumapili na Jumatano ulikuwa umerudi. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba Nusura hata bei ya nyanya hawezi kuidanganya. Na leo amedanganya bila kutishwa, bila faida, ngazini, mbele ya mtu aliyemuuliza kwa wema. Akasema astaghfirullah, akavua koti. Lakini uongo ule mdogo haukumtoka. Ulikaa naye mezani, ukala naye.

Maana bwana Florent, yule mzee wa Koekelberg aliyemtunza, hakuwa na Kifaransa tena. Kilikuwa kimemtoka kidogo kidogo kama maji ya mtungi wenye ufa, kwanza majina ya vitu, kisha ya watu, mpaka chini kabisa kikabaki Kiswahili peke yake, kile alichojifunza ujanani. Alikuwa na miaka tisini na kitu. Bintiye, Madame Yolande, alimwajiri Nusura bila kujua hilo litafika. Alitafuta tu mwanamke msafi, mpole, asiye na mume wa kumzuia kuja kazini sikukuu.

Kila asubuhi Nusura alimkuta amelowa. Juu ya godoro kulikuwa na mpira, na mpira ulikuwa wa baridi. Ilibidi amgeuze ubavu, avute shuka, ampanguse, amgeuze ubavu wa pili. Mzee alikuwa mrefu, mifupa mitupu lakini mizito, na akishtuka alishika chochote kilicho karibu: kitambaa cha kichwa, sikio, koo. Mgongo wa Nusura ulikuwa umeharibika upande mmoja. Bafuni kulikuwa na hita, lakini Madame alitaka iwashwe mzee akishaingia, si kabla, kwa hiyo anayetayarisha maji ndiye aliyetetemeka. Chakula chake Nusura alikula amesimama jikoni, kwa sababu kiti kimoja cha jikoni kilivunjika na cha pili kilikuwa cha paka.

"Baba akianza maneno yake ya kule," Madame alimwonya tangu siku ya kwanza, "usimjibu. Daktari anasema ukimjibu unamzamisha."

Lakini utamgeuzaje mtu bila kumwambia geuka? Kwa hiyo walizungumza. Mlango wa bafu umefungwa, bomba linatiririka, walizungumza kama watu wa kibaraza kimoja.

"Weye nani?"

"Nusura, papa."

"Nusura wa wapi?"

"Wa Buyenzi."

"Buyenzi kwa nani?"

"Kwa Kadiri seremala."

Mzee akakunja uso. "Kadiri nilimpa mbao za milango. Milango sijaiona."

"Alikufa, papa."

"Aah. Maskini." Akafikiri. "Na milango?"

Nusura alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa bafu. Siku nyingine zilikuwa nzuri namna hiyo, na hizo ndizo zilizomuuma baadaye kuliko zile za shuka.

Kisha ikaja asubuhi ya udhu. Alikuwa amemmiminia maji mkono wa kulia kwa jagi, kama kawaida. Mzee akasukutua. Akavuta maji puani, akapenga. Akaosha uso, akaosha mkono mpaka kiwiko, wa kulia kwanza kisha wa kushoto, akapaka maji kichwani, na kidole kikapita nyuma ya sikio mahali pake hasa. Miguu hakuifikia. Akaitazama tu, akingoja. Nusura alibaki na jagi mkononi. Halafu akapiga magoti, akamwosha miguu, wa kulia kwanza, na mzee akaanza kusoma Alhamdu kwa sauti ya kukwaruza. Akafika katikati, akapotea, akaanza upya.

"Nani kakufundisha haya, papa?"

"Mzee Hamissi."

"Mzee Hamissi gani?"

"Baba mkwe wangu," akasema, kwa mshangao wa mtu anayeulizwa jua linatoka wapi.

Hivyo ndivyo Nusura alivyoyapata maisha ya mtu huyu, kipande leo, kipande wiki ijayo, vingine mara kumi, vingine mara moja tu. Alifika Usumbura, Bujumbura ya leo, akiwa kijana, kwa meli ya ziwa kutoka Kigoma, na sanduku la bati. Mji ulikuwa ni boma walilokimbia Wajerumani, forodha, maduka ya Wahindi, na nyumba za udongo za watu wa Manyema na wa pwani waliokuwa wamekaa pale kabla ya bendera zote. Alilala hemani nyuma ya forodha. Aliuza chumvi na vitambaa vya amerikani, alinunua ngozi. Mvua za kwanza homa ikamwangusha. Daktari wa serikali alikuwa safarini, na aliyemtoa kaburini ni mke wa Mzee Hamissi, kwa uji na kwa kumfukiza chini ya blanketi. Alipopata nguvu za kusimama akamtaka binti wa nyumba ile.

Wazungu wenzake walikuwa na njia yao. Boi alitumwa, mwanamke akaletwa jioni, mlango wa nyuma. Mzee Hamissi alikataa. "Binti yangu haingii kwa mtu kwa mlango wa jikoni," alisema. Anayemtaka asilimu, alete mahari, asimame mbele ya mashahidi. Na kijana Florent, aliyekuwa mpweke na amekonda na anaogopa kufa, akasilimu. Akapewa jina la Burhani. Akaoa. Wakapata binti, wakamwita Zaituni.

Baadaye duka likawa la matofali, la kwanza la matofali barabara ile, na mwenye duka la matofali alitakiwa awe na madame, mke wa Kizungu. Meli ikamleta kutoka Ubelgiji. Mke wa Kiswahili akarudishwa kwa baba yake pamoja na cherehani. Talaka? Mzee hakukumbuka kama aliitoa. "Niliwaambia nitarudi," alisema, na kila akifika hapo aliomba maji ya kunywa.

Yaliyofuata Nusura hakuhitaji kusimuliwa. Buyenzi nzima, mtaa wa Waswahili wa mji ule, iliyajua. Masista walikuwa wakipita mitaani kukusanya watoto waliozaliwa na wazungu, na mtoto aliyekusanywa hakurudi kwa mama yake. Walipobisha kwa Mzee Hamissi, alitoka na kanzu yake ya Ijumaa akasema baba wa mtoto huyu ni Burhani, Mwarabu wa dukani, amekwenda zake Oman. Majirani wakaitika. Imamu akaitika. Karani akaandika: baba, Burhani, Mwarabu. Mtaa mzima ulidanganya ili mtoto mmoja abaki, na ulijisifu kwa hilo miaka na miaka. Watoto wa kuzaliwa nyuma, kama Nusura, walifundishwa jibu hilo kabla hata hawajajua swali: ukiulizwa, sema Mwarabu. Zaituni akabaki. Akakua, akaolewa, akafiwa, akashona magauni ya maharusi kwa cherehani ile ile. La Nusura alilishona yeye, na alikataa kumlipisha Kadiri seremala.

Sasa mama Zaituni alikuwa Brussels. Vita vilipoingia mitaani Bujumbura alitoka na waliotoka, akapita Kigoma, akapita Nairobi, akafikia kwa mpwa wake Anderlecht, yeye sasa ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, magoti yamevimba. Walionana kwenye khitma ya mtu wa Buyenzi, wanawake wamekaa chini chumba cha ndani, sahani za pilau zinapita.

"Nusura, mwanangu," mama Zaituni akasema, akimsogelea kwa makalio kama tulivyozoea kusogeleana mikekani. "Nasikia unamwogesha baba yangu."

Nusura akaweka tonge chini. "Mama Zaituni, mie mfanyakazi tu."

"Najua. Na sijakuita shahidi. Bado." Akacheka, meno yake mazuri yakiwa yamebaki yote. Kisha akaacha kucheka. "Wamenipa karatasi ya kuondoka nchini. Avocat anayenitetea anasema mlango umebaki mmoja, mzee aseme mbele ya juge wa mahakama kuwa mimi ni mtoto wake. Ninawaambia baba yangu yuko hapa, Koekelberg, naweza kwenda kwa miguu. Wanasoma karatasi yangu, Burhani, Mwarabu. Wananiambia alors madame, nenda Oman."

Wanawake waliosikia wakacheka, na yeye mwenyewe tena.

"Watu wanasema nataka nyumba. Nyumba ina ngazi vile, na magoti haya? Sitaki kijiko. Aseme tu. Mwaka mzima nimekuwa nikimsikia babu kaburini akiniomba radhi kwa ule uongo wake."

Kisha akauliza habari za nyumbani, kama inavyopasa, na Nusura akamwambia habari za Lina. Lina alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki, msichana wa miaka kumi na sita, yuko Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa wifi yake Nusura, nyumba iliyojaa wakimbizi mpaka barazani. Wanaume wenye bunduki walikuwa wameanza kuulizia wasichana wanalala wapi. Madame Yolande alikuwa ameahidi kumchukulia dhamana aje asome. Bila saini ya Mbelgiji kama yeye, hakuna viza.

"Mungu amlipe," mama Zaituni akasema, kwa moyo wake wote. "Kweli amlipe. Mtoto wa kike asikae kule."

Shauri likaenda. Maître Viviane, avocat wa mama Zaituni, alikuwa msichana mwembamba mwenye mkoba uliomzidi, na alipiga simu mpaka juge akakubali kuja nyumbani kwa mzee kumsikiliza. Mara ya kwanza alikuja na mkalimani wa mahakama, mwanafunzi wa Tanzania, John, kijana mwenye adabu. John alimwamkia mzee shikamoo, akamuuliza maswali kwa Kiswahili kilichonyooka, na mzee, asiye na meno na mwenye maneno ya sokoni ya zamani, akamjibu kwa kirefu. John akaomba radhi. "Samahani sana, simpati. Sitaki kumsemea kitu ambacho sina uhakika nacho."

Hapo mama Zaituni mwenyewe ndiye aliyesimama. Yuko mtu humu ndani anayemwelewa, alisema. Mtu wa kwetu, mjane, mtu wa swala tano. Huyu hawezi kusema uongo. Juge akamgeukia Madame Yolande, na Madame Yolande akasema kwamba yeye pia hana pingamizi; wakapanga kukutana tena Alhamisi.

Kesho yake Madame aliingia jikoni, jambo ambalo hakulizoea. Akamwondoa paka, akaketi. Nusura alikuwa akimenya viazi.

"Acha hivyo kidogo, Nusura. Kaa."

Pa kukaa hapakuwapo. Nusura akafuta mikono, akasimama vizuri zaidi.

"Unajua hata mimi haniiti jina?" Madame akasema. "Juzi ameniita madame wa posta. Nimemlisha miaka saba. Ananiuliza barua zimefika." Macho yake yalikuwa mekundu, na Nusura akamhurumia, maana yalikuwa kweli. "Nilizaliwa kule. Mama yangu alilala kule kwenye joto lile, akazaa kule. Alikufa anaamini yeye ndiye mke wa mume wake. Unanielewa? Sasa aje mtu amwamshe kaburini."

"Ndiyo, Madame."

"Baba anachanganya. Wewe unamwona kila siku, unajua anachanganya. Boi wake, wateja, watoto wa majirani, wote kwake ni wanangu, wanangu."

"Huwa anachanganya, Madame."

"Hilo tu." Madame akasimama, akamrudisha paka kitini kwa mkono wa upole. "Karatasi za Lina ziko mezani kwangu. Nataka nizisaini, kweli nataka. Ila sina kichwa cha mambo mawili kwa pamoja. Hili la baba lipite kwanza Alhamisi. Ijumaa asubuhi tunakwenda ofisi ya commune, wewe na mimi." Mlangoni akageuka. "Wewe ni mtu wa nyumba hii, Nusura. Sijawahi kukuhesabu vingine."

Viazi vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi hewani. Nusura akavitia majini.

Alikuwa hajaombwa kusema uongo. Aliyapitia maneno ya Madame neno kwa neno ndani ya metro, na kila mara akafika pale pale, hajaombwa. Chuoni Buyenzi mwalimu wao aliwafundisha kuwa anayeficha ushahidi, dhambi yake haikai ulimini, inakaa moyoni, na siku ile watoto waligusanagusana vifuani kuonyeshana mahali. Aliswali, akanyanyua mikono, akatafuta la kuomba. Kumwomba Mungu amwonyeshe njia hakuthubutu, kwa kuwa njia aliijua. Akajikuta anaomba mzee asiifikie Alhamisi. Akamuomba Mungu amchukue kwa wema, usingizini, Jumatano. Alipotambua ni dua gani anayoiomba, aliikata katikati, na mikono ikabaki hewani kama ya mtu aliyepokonywa sahani.

Mzee aliifikia Alhamisi. Tena aliamka mkavu, mchangamfu, akala mkate wake wote. Nusura alimnyoa, akamvalisha koti la buluu, na mzee akauliza kama leo ni idi.

Walikaa sebuleni. Juge alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mafua, na kando yake karani mwenye mashine ndogo ya kuandikia. Maître Viviane alikaa ukingoni mwa kiti. Madame Yolande alivaa kijivu. Mama Zaituni alikuwa amejifunga mtandio mweupe, akakaa mbali kidogo na baba yake, mikono mapajani, akimtazama jinsi mtu anavyotazama moto anapotoka kwenye baridi. Kabla ya shauri hili hawakuwa wamekaa chumba kimoja tangu yeye ni mtoto wa kubebwa.

Nusura aliambiwa ainue mkono wa kulia. Akauinua. Akaapa kutafsiri yote kwa uaminifu.

"Mwulize bwana," juge akasema, "kama anamfahamu mama huyu."

Nusura akainama. "Papa, unamjua huyu?"

Bwana Florent aliangalia. Aliangalia kwa muda mrefu hata karani akainua kichwa. Uso wake ukafunguka taratibu, kuanzia paji.

"Mwanangu," akasema. "Mbona umekonda? Mama yako amepika nini leo?"

Mama Zaituni akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Amesema nini?" juge akauliza.

Nusura aliona madirisha, na basilika kwa mbali limekaa juu ya miti. "Anauliza kumepikwa nini leo."

Juge akatabasamu. Karani akaandika. Si uongo, Nusura alijiambia, kauliza hivyo.

Maître Viviane akasogea mbele. "Samahani, Monsieur le juge. Maneno yalikuwa mengi kuliko hayo."

"Madame?"

"Amesema pia mtu amekonda," Nusura akasema.

"Mtu gani?"

"Hakutaja jina." Na hilo nalo lilikuwa kweli. Jasho lilimshuka Nusura mgongoni, upande ule mbovu.

"Mwulize sasa," juge akasema baada ya kupenga kamasi, "kama analijua jina la Burhani."

Aliuliza. Mzee akanyoosha mgongo kitini, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha.

"Burhani ni mimi," akasema. "Jina hili alinipa Mzee Hamissi, mbele ya watu."

Alilisema polepole, vizuri, bila kukwama. Hata John angelipata. Mama Zaituni alikuwa ameshusha mtandio, na machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta alimwinamia Nusura kidogo, kwa kichwa tu, jinsi mtu anavyomwinamia aliyemletea kitu kwa mikono miwili.

Nusura alinyoosha kola ya koti la mzee. Mashine ya karani ilinguruma kwa chini.

"Madame?" juge akamwambia Nusura.

"Msamehe, Monsieur le juge," Madame Yolande akasema kwa upole, akipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye sketi yake. "Amechoka. Ana mtoto wa kike yuko mbali, mahali pabaya. Anamngojea. Hapati usingizi."

"Oh," juge akasema. "Pole sana. Chukua muda wako."

Na wakampa muda. Walikuwa wema wote. Nusura alifungua mdomo bila kujua kitakachotoka, na jibu likatoka lenyewe, tayari, limekaa ulimini tangu utotoni, jibu la mtaa mzima.

"Anasema Burhani alikuwa Mwarabu," akasema. "Mwarabu wa dukani. Alikwenda zake Oman."

Vidole vya karani vilisikika. Madame Yolande alitazama nje. Maître Viviane alipekua mkoba wake akatoa karatasi ya mama Zaituni, akaiangalia, akairudisha, kwa kuwa ilisema vivyo hivyo.

"Basi inaafikiana," juge akasema, kwa huzuni kidogo, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Akamgeukia mama Zaituni. "Madame, wewe unaelewa lugha zote mbili. Ni wewe uliyemwomba mkalimani huyu. Una pingamizi lolote juu ya tafsiri yake?"

Mama Zaituni alimtazama Nusura. Hakumtazama kwa hasira. Hasira Nusura angeipokea, alikuwa amejiandalia. Alimtazama kama fundi anavyomtazama mtu anayetaka kumshonea, mabega, kifua, kiuno, akipima. Alikuwa anamwona Lina, labda, barazani Uvira. Au alikuwa anamwona babu yake na kanzu ya Ijumaa. Maître Viviane akamnong'oneza kitu, mama akatikisa kichwa.

"Non, Monsieur," akasema.

Akainuka kwa shida, akiushikilia mkono wa kiti. Akamwendea mzee, akauchukua mkono wake wa kulia, akaubusu juu na ndani, kama watoto wa kwetu wanavyofanya, kisha akaelekea mlangoni. Viatu vyake vilikuwa pale kwenye zulia la kupangusia miguu, vimepangwa pamoja. Katika watu wote walioingia nyumba ile siku ile, ni yeye peke yake aliyevua viatu.

"Mwanangu," mzee akaita kutoka kitini. "Unakwenda wapi, na chakula bado?"

Juge alikuwa akifunga kalamu yake. "Na sasa anasema nini?"

Mama Zaituni alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Alisimama mkono ukutani, mguu wa pili na soksi yake umening'inia, mgongo kwao. Hakugeuka. Alingoja.

Nusura alikitazama kile kiatu.

"Anauliza chakula," akasema.

Mama Zaituni akautia mguu wa pili kwenye kiatu. Akasukuma kisigino kwa kidole, bila haraka, mpaka kikaingia. Mlango wa nyumba ile ulikuwa mzito na hakuna aliyeinuka kumfungulia. Aliuvuta kwa mikono yote miwili, akatoka.